Mama mkwe hagusi chakula changu kwa sababu ya riwaya

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mke wa mtu, naishi Tanga, nina miaka 31 na watoto wawili. Mume wangu ni dereva wa malori ya masafa marefu, akiondoka ni wiki mbili au tatu. Nyumbani tunakaa mimi, watoto, mama mkwe, na wifi yangu aliyerudi baada ya kuachika. Miaka sita tumeishi vizuri. Mama mkwe ndiye aliyenifundisha kupika samaki wa kupaka. Kabla ya hapo nilikuwa naharibu nazi za watu tu.

Naandika kwa sababu ya kitabu.

Mwezi wa nne nilikwenda Dar kwa shughuli zangu, na kabla ya kupanda basi nikapita kwa wale wauza vitabu vya mitumba wanaotandika chini kule Posta. Nikaona kitu kinene kama tofali, gamba limepauka, The Witching Hour cha Anne Rice. Tuna kikundi cha kusoma, wanawake tisa, na tulikuwa tumekubaliana mwaka huu tusome kitabu kimoja kirefu badala ya vifupi vitatu. Nikakipendekeza mimi mwenyewe. Wenzangu wengine wakakipata kwenye simu, mimi nikabaki na tofali langu.

Jioni moja nimekaa barazani nasoma, mama akauliza, "Hilo libuku lote linahusu nini?" Nikajibu bila kufikiri, "Wachawi, mama. Ukoo mzima wa wachawi, wanarithishana mama na binti." Akanyamaza. Kisha akauliza, "Na wewe unalisoma usiku?" Ni kweli nalisoma usiku, kwa sababu watoto wakishalala ndipo napata nafasi. Nikacheka, nikamwambia ndiyo, tena hata jina lake ni saa ya wachawi.

Shangazi, nilidhani ni mzaha. Tangu siku ile mama hagusi chakula nilichopika. Anasema tumbo limejaa, halafu baada ya saa moja namwona wifi anamwinjikia chake kwenye jiko la mkaa uani. Alhamisi ubani unafukizwa hadi kwenye mlango wa chumba changu. Akimaliza kusali anakaa na tasbihi muda mrefu kuliko zamani, na nikipita ananisindikiza kwa macho. Wiki iliyopita mbuzi wa jirani amekufa. Wifi akasema pale bombani, kwa sauti ya kunifikia, kwamba mtu hasomi kurasa elfu moja bila kuwa na kitu anachotaka kujua. Nilikaribia kumjibu kwamba mchawi hujijua. Nikameza.

Mume wangu nikimpigia anacheka mpaka simu inakwaruza. "Kichome tu yaishe," anasema.

La kuudhi zaidi ni kwamba kitabu chenyewe kimenishinda. Mwanzo nilikuwa nakimbia nacho. Yule mwanamke Deirdre aliyekaa barazani miaka na miaka haongei, yule daktari, yule Michael aliyekufa maji akafufuka akawa anaona mambo kwa mikono, Rowan daktari wa ubongo. Halafu mzee wa Talamasca, chama cha wasomi wapelelezi, anamkabidhi Michael faili, na watu wangu wote wanapotea! Tunarudi Uskoti miaka mia tatu nyuma, barua, majina, Marie, Mary, Marguerite. Usiku wa tatu huu nasoma ukurasa uleule. Katika kikundi wawili wametutangulia, wanne wamesalimu amri, na mmoja anaangalia tamthilia ya televisheni iliyotokana nacho anadhani hatujui.

Na nikiri, naogopa. Pazia likicheza naamka. Nahisi mtu amesimama pale penye mwembe.

Niache? Nikifiche? Mama nimwambie nini?

Mke wa Dereva, Tanga

*

Marahaba mwanangu,

Tuanze na neno, maana lililokuponza ni neno, kitabu hakina kosa.

Umesema "wachawi" mbele ya mwanamke mtu mzima wa Tanga, ukaongeza "ukoo mzima", ukamalizia na "usiku". Ulitaka afanye nini, akuombe umsomee? Mchawi wa Kiswahili hana utetezi. Mwizi anaweza kuwa na njaa, muuaji anaweza kuwa na hasira, lakini mchawi ana husuda tu, na husuda haina sababu. Neno la Waingereza, witch, limetembea zaidi. Limepita kwa ajuza wa hadithi za watoto mwenye fagio, likapita kwa mjuzi wa mitishamba, na leo wako watu Ulaya na Marekani wanaojiita kwa neno hilo hadharani, ndiyo dini yao, na hakuna anayewakimbia. Ukilichukua neno hilo ukalimwaga barazani kwako kama "mchawi", umelitafsiri kwa kamusi na umekosea kwa maana.

Hebu angalia hadithi yenyewe. Mwanamke wa kijijini Uskoti, Suzanne, mjinga wa mambo, anaita kitu asichokijua na kitu kinaitika. Yeye anachomwa moto, lakini kile kitu hakiondoki. Kinamfuata bintiye Deborah, kisha binti wa bintiye, hivyo hivyo vizazi kumi na vitatu. Kila kizazi kinachagua mmoja. Kinampa mali, kinamlinda, kinampendelea, kinawaumiza wanaomkwaza, na yeye anavaa mkufu wa zumaridi uliotoka kwa aliyemtangulia. Anayekikataa hana raha. Na muda wote huo chenyewe kina haja yake, ambayo hakiisemi.

Mwanangu, hao ni wachawi? Ukimsimulia hivyo bibi yeyote wa mwambao atakukatiza kabla hujamaliza: huyo ni jini wa ukoo. Anamjua. Anajua kuwa hurithiwa, huchagua, huwa na wivu, na hudai pete ya jiwe fulani, marashi fulani na kitambaa cha rangi fulani, na asipopewa mtu huugua. Anne Rice kamwita wake Lasher, kamvisha kama kijana mtanashati wa nywele za kahawia, kamweka New Orleans. Mama mkwe wako angeweza kumpigia mwandishi huyu mhuri, na pengine angemsahihisha mahali pawili au patatu.

Kwa hiyo rudi kwake na neno sahihi. "Mama, nilikosea kusema. Si kitabu cha wachawi, ni hadithi ya ukoo uliorithi jini." Halafu nyamaza uone kama hataitikia "wa wapi?"

Lakini kabla ya hapo nataka tusicheke kidogo. Mbuzi kafa, maneno yamesemwa bombani. Mumeo anaona kichekesho kwa sababu yuko barabarani. Mimi sioni. Unajua kesi za Uskoti zilivyokuwa zikianza? Sheria yao dhidi ya uchawi ilipitishwa mwaka 1563 na haikufutwa hadi 1736, na katikati ya hapo karibu watu 4,000 walishitakiwa. Wanahistoria wanakadiria kuwa kama 2,500 waliuawa, wengi wao sana wanawake. Wengi walinyongwa kwanza ndipo maiti ikachomwa. Kesi nyingi zilianzia kwenye jambo la kiasi cha mbuzi wako. Ng'ombe kakatika maziwa, siagi haikushika, mtoto kaugua baada ya majirani wawili kugombana. Mshukiwa akikesheshwa usiku baada ya usiku bila kulala, akichomwa sindano kutafutwa alama ya shetani, mwisho anakiri na kutaja wenzake. Machi 8, 2022 kiongozi wa serikali ya Uskoti alisimama bungeni akawaomba radhi marehemu hao. Miaka karibu mia tatu baada ya sheria kufutwa.

Na sisi tusijifanye tuko mbali. Kanda ya Ziwa wanawake wazee wameuawa kwa kuitwa wachawi, ushahidi ukiwa macho mekundu, na macho yale yamewiva kwa moshi wa kupikia. Kilifi ng'ambo ya mpaka wazee wameuawa kwa jina hilohilo, na mara nyingi ukichimba unakuta chini yake shamba la kurithi. Sheria ya uchawi tuliyoachiwa na Mwingereza, ya mwaka 1928, ipo, lakini sheria haikai bombani. Kwa hiyo lile neno ulilolimeza ulifanya vyema kulimeza, na ulimeze tena likirudi. Usimwambie wifi, na zaidi usije ukamgeuzia mama. Kati yenu watatu mwenye umri wa kuuliwa kwa neno hilo ni yeye.

Mumeo naye apewe kazi. Ampigie mama yake siku ambayo hacheki. Amwambie kwa kinywa chake kwamba kitabu anakijua, mkewe anakisoma kwa ajili ya wenzake, na maneno ya bombani yakome. Wifi atasikia kwa kaka yake yale ambayo kwako hatayasikia. Na hilo la kuchoma, mwambie Shangazi kasema hadithi inayoanza kwa mwanamke kuchomwa moto haifai kumalizwa kwa kiberiti.

Chakula. Usimlazimishe, na usimwulize kwa nini hali, maana utamlazimisha ajibu. Siku moja mwambie samaki wako wa kupaka amepoteza ladha, aje akuonyeshe upya. Wewe ukune nazi mbele yake, yeye achuje tui, yeye atie chumvi. Kisha pakueni sinia moja, ukatie mkono wewe kwanza. Hakuna dua inayoshinda kumwona aliyepika anakula.

Sasa hadithi. Usiifiche. Kitabu cha kufichwa chini ya godoro ndicho kinachofanana na hirizi. Mimi ningekitoa nje, nikasema paukwa. Msimulie kidogo kidogo jioni, mchana kweupe ikiwezekana, akiwa anachambua mchele. Anza pale kitabu kinapoanzia, kwa Deirdre. Mwanamke amekalishwa kwenye kiti barazani kama chombo, hasemi, hageuki, kila siku sindano ya kumtuliza, na shingoni zumaridi ya thamani ya mtaa mzima. Nyumba kubwa ya fahari inaoza juu yake. Anayeendesha yote ni dada wa bibi yake, Carlotta, mwanasheria, mwanamke wa sala, mkavu kama ufagio. Daktari mgeni anauliza kwa nini mgonjwa asipunguziwe dawa, anajibiwa kwamba hayamhusu. Na kuna kijana mmoja anaonekana karibu na kile kiti, halafu haonekani.

Ukifika hapo mwulize mama: huyu Carlotta ni mkatili, au anajua kitu? Usimjibu. Ndiyo injini ya kitabu hiyo, na mama mkwe yeyote ana la kusema juu ya mwanamke anayebaki na nyumba, siri na binti wa watu. Baadaye utamwambia kwamba Deirdre alizaa, na mtoto akapelekwa California siku hiyohiyo, na aliyemlea akamwapisha asirudi New Orleans maisha yake. Ndiye Rowan wako, anafungua vichwa vya watu akivifunga, na hajui yeye ni nani. Mtu mzima akisikia mtoto ametenganishwa na kwao hivyo atataka kujua kilichofuata.

Kuna vya kuruka. Katika ukoo huu yako mambo ya ndugu kwa ndugu wa damu, baba na binti wamo, na mwandishi hapitishi haraka. Pia mapenzi ya Michael na Rowan yanakula kurasa ambazo, kwa maoni yangu, mhariri alikuwa likizo. Hayo ni yako peke yako, au si ya mtu. Mimi mara ya pili niliyaruka na sikupotea njia.

Tuje kwenye faili lililokukwamisha.

Umekwama mahali ambapo nusu ya wasomaji hukwama, na nafikiri ndipo kitabu kinapokuwa kitabu. Kabla ya faili una watu watatu wazuri na nyumba ya kutisha, jambo ambalo waandishi wengi wanaliweza. Faili ndilo linaloeleza kwa nini mwanamke yule kakaa barazani. Tatizo lako ni mwendo. Unalisoma kama riwaya, unasubiri Michael arudi. Lisome kama mtu aliyefungua sanduku la marehemu, kuna barua, hati, maneno ya majirani, na anayeandika ni chama cha wasomi wapelelezi, Talamasca, ambao wamekula kiapo cha kutazama bila kuingilia. Tena wanaingilia! Petyr van Abel wao, karne ya 17, anatumwa Uskoti, Suzanne alikochomwa, anamchukua binti yake Deborah hadi Amsterdam. Soma barua zake kwa kutulia, moja kwa siku. Mtu mwenye elimu ya kumshinda kila mtu anaandika jinsi alivyojua hatari, akaitaja kwa jina, na bado akaingia kwa miguu yake. Hakuna ukurasa wenye jini unaonitisha kama ule ambao yeye anajidanganya.

Chukua karatasi ya daftari, uandike majina kwa safu toka juu hadi chini: Suzanne, Deborah, Charlotte, Jeanne Louise, Angélique, Marie Claudette, Marguerite, Katherine, Mary Beth, Stella, Antha, Deirdre, Rowan. Kumi na tatu, basi. Pembeni ya Mary Beth andika Julien, mwanamume, hamo katika hesabu lakini utamwona kila mahali. Ibandike ndani ya jalada. Jeanne Louise na Angélique wanapita upesi, usihangaike nao. Washike Deborah na Charlotte, kisha Marie Claudette kwa kuwa ndiye anayehamia Louisiana, kisha uamke kuanzia Mary Beth. Kwa Stella hutalala, na safari hii si kwa hofu.

Tena angalia urithi unavyokwenda. Mali haipiti kwa wana wa kiume. Inakwenda kwa binti mmoja, naye akiolewa habadili jina, anabaki Mayfair, jina la ukoo, na jini linabaki na mali. Wanasheria wanazunguka mkufu ule kama nzi. Mwandishi anajua kwamba ukoo haushikwi pamoja na damu peke yake, unashikwa na hati.

Na usipite Saint-Domingue mbio. Charlotte yuko kule, bibi wa mashamba, utajiri umesimama juu ya migongo ya Waafrika waliofanywa watumwa. Ndiko kulikokuja kuwa Haiti, ambako watumwa waliinuka mwaka 1791 na kufikia 1804 wakawa na taifa lao. Akina Mayfair wa hadithini waliondoka kabla paa halijawaka, ila Wazungu wengi wa kweli, na watu huru weusi na watumwa waliochukuliwa pamoja nao, waliishia New Orleans. Miaka ya 1809 na 1810 peke yake waliingia zaidi ya 9,000 wakitokea Kuba. Jini hili linapotoa mali, jiulize mali yenyewe imetoka mikononi mwa nani. Kitabu kinaligusa swali hilo kidogo kuliko ninavyotaka, na nina ugomvi nacho hapo. Mlifanye la kikundi, litawafaa zaidi ya kubishana nani mrembo.

Kuhusu woga wako chini ya mwembe. Aina hii ya hadithi, ile ambayo Wazungu wanaiita gothiki na ambayo kwa Kiingereza huhesabiwa tangu mwaka 1764, haitishi kwa zimwi. Inatisha kwa nyumba. Jumba kuukuu, ngazi, chumba kisichofunguliwa, ukoo uliobaki na jina tu. Wewe unakaa Tanga, unajua chumvi na unyevu vinavyoula ukuta mpaka chokaa inabaki mkononi, unajua majumba ya zamani yenye roshani ambayo warithi wake hawaelewani. New Orleans ni vivyo hivyo, joto la kunata, kuvu, mchwa, miti mikubwa inayoinua lami kwa mizizi, maji chini ya kila kitu, na wafu wao wengi wamezikwa juu ya ardhi katika vyumba vya matofali. Ndiyo maana umeuona mlango ule kama unaujua. Mwandishi hakukuletea kitu, mazingira yalikuwa nawe tayari.

Dawa ya woga wa nyumba ni anwani. Nyumba hiyo ipo. Ni mtaa wa First, namba 1239, katika mtaa wa kitajiri wa Garden District, ilijengwa mwaka 1857, ina uzio wa chuma wenye nakshi za waridi. Anne Rice mwenyewe, mzaliwa wa mji huo wa mwaka 1941 na aliyelelewa Kikatoliki, aliinunua mwaka 1989 akahamia na mumewe. Kitabu kikatoka 1990, kurasa zaidi ya 900. Alifariki Desemba 2021, na hadi leo watalii wanasimama pale nje na viatu vya raba wakipiga picha. Kila Lasher anapokusimamia penye mwembe, mwekee mtalii mwenye kofia pembeni yake. Nimefanya hivyo, husaidia.

Na soma asubuhi, jamani. Alfajiri watoto hawajaamka una nusu saa. Kurasa kumi na tano kwa siku, miezi miwili umemaliza. Usiku soma barua za Petyr ukipenda, ila sura zinazotokea nyumbani kwa First Street zisome jua likiwa juu. Sehemu ya Krismasi, mwishoni kabisa, usiisome peke yako kabisa, na usiisome ukiwa na mimba au ukiwa na mtoto mchanga mkononi. Zaidi ya hapo sisemi, wale wawili waliowatangulia watanielewa.

Huyo wa tamthilia mwacheni. Ilianza 2023 na imebadilisha mengi; huyo Michael unayemhurumia wewe, kule hatamkuta. Mwulizeni swali moja juu yake, atajifichua mwenyewe.

Ukiona faili limekushinda hata kwa karatasi, ruka moja kwa moja hadi Stella, usome hadi mwisho, kisha urudi Uskoti kama una hamu. Hakuna askari mlangoni. Kuna mabuku nimeyasoma kuanzia katikati kwa sababu panya walikuwa wamekula mwanzo, na ninayapenda mpaka leo.

Ukimaliza usimwazime wifi. Mfanyie hisani nyingine.

Na niandikie. Nataka kujua mama mkwe amesimama upande gani juu ya Carlotta. Mimi niliposoma mara ya kwanza nilimchukia bibi yule, nikafurahi kila alipokosolewa. Niliporudi kwake nikiwa na miaka hamsini na kitu, na nyumba yangu mwenyewe inayovuja, nilimvutia kiti.

Shangazi yako